Kilichobaki Kati ya Gisenyi na Goma

Dancille alikuwa akifuta vumbi jeusi la volkano juu ya mtambo wa intaneti, kikombe cha chai juu ya betri pale pale bosi alipokataza, simu ikaita. Mama yake, kutoka Goma. Alipopokea, meno yake mawili ya mbele yakatoweka, maana mama hakuwa nayo.

Mambo yalikuwa hivyo tangu laini mpya ivushwe mpakani, pale Petite Barrière. Mitambo miwili ikikutana husalimiana kwanza, kama wakwe: kila mmoja hutaja anachoweza, na asichokuwa nacho huyu, yule hukiweka kando. Wa Gisenyi ni mpya. Una kadi inayoubebea hesabu nzito. Wa Goma ni mzee, hauna. Basi ikakubaliana kwa vile vichache ilivyo navyo yote miwili, na watu waliopigiana simu kwa laini hiyo wakaanza kukubaliana vilevile. Kadiri, mbadilisha pesa wa mpakani, ana kaka mwenye upara. Akiongea naye nywele humtoka mpaka akate simu, na watu huvuta kreti za bia wakae wamtazame. Mbabazi, wa genge la nyanya, aliacha kumpigia wifi yake. Wifi hana haya, na Mbabazi bila haya alishasema mengi ya nyumba yake.

Mama yake Dancille, Illuminée, yeye alikuwa anasahau.

"Mama, ni mi."

"We nani?"

Dancille akafungua mdomo ajibu, akakuta jina halipo. "Sijue, mama."

"Hata mi sijue," mama akasema, na wote wawili wakacheka.

Alipokata, jina likarudi, na meno pia. Chai ilikuwa imepoa.

Dawa ilijulikana mji mzima. Kadi mpya ingefungwa upande wa Goma, ingembebea mama kukumbuka, kama ile ya Gisenyi inavyobeba hesabu. Tena kadi yenyewe ilikwisha kuletwa. Bosi, Rutayisire, akaipeleka kwenye hoteli moja ya ufukweni. Dancille akamfuata ofisini.

"Patron, ile kadi ilikuwa ya Goma."

"Bon. Laini ya Goma iko inatembea, ao haitembee?"

"Iko inatembea, lakini haibebe kitu."

"Donc iko inatembea." Rutayisire alikuwa anamenya yai, hakuinua macho. "Batu ba kule banazoea, Dancille. Mugeni wa hoteli hazoee."

"Mama yangu amesahau jina langu."

"Pole sana. We si unalijua?"

Jioni ile akafanya kosa la fundi mwenye haraka: akaulazimisha mtambo wake uamini kwamba ule wa Goma unaweza kila kitu. Akapiga, akamsimulia mama yote bila kupumzika: shamba la viazi la Cyanzarwe, baba alivyokuwa akikoroma kanisani, jina lake na aliyempa. Maneno yakavuka mpaka mazima mazima, na kule hakukuwa na wa kuyapokea. Liliane, jirani anayemtunza mama, alieleza kesho yake kwamba yalimwagika sakafuni kama maharage. Illuminée alikaa ameshika sikio, hasikii hata mvua, mpaka usingizi ukamchukua. Liliane akayafagia, akayatupa nje. Kuku waliyadonoa, hawakuyapenda.

Dancille akarudisha mtambo ulivyokuwa. Bora kichache kinachofika.

Hotelini, ilikofungwa ile kadi, wageni wanatazama mpira, picha haigandi hata kidogo. Rutayisire akipita huwaonyesha watu.

Na kila Jumapili baada ya misa, majirani hujaa sebuleni kwa Dancille, mandazi yakizunguka, umbeya wa soko la Mahoko ukimwagwa. Mama hana tena maneno. Liliane humwekea simu sikioni, na Dancille akishaunganishwa, naye hana. Walichobaki nacho wote wawili ni pumzi. Watu hunyamaza waisikie ikienda na kurudi. Uwineza, wa nyumba ya pili, ndiye hukaa karibu yake, kidole juu ya kitufe cha kukata, kwa sababu kila mtu pale anajua kitakachofuata kusahauliwa.

"Usikate mbiombio," Dancille humwambia kabla ya kupiga.

Uwineza hujibu ndiyo, na hamtazami.