Kabla Hujasema Lako

Mama yangu hajawahi kushindwa ubishi. Hubishana huku anashona, mguu kwenye cherehani na mdomo kwa mteja, na mteja huondoka na nguo yake na maoni ya Mama. Kwa hiyo kura ya bahati nasibu ilipomwangukia kuwa mjumbe, mtaa wetu wa Juu ulishangilia kana kwamba kliniki ni yetu tayari.

Kliniki hiyo ya wajawazito ilikuwa ijengwe mpakani, kati ya Juu na Chini. Ugomvi ulikuwa mlango tu, uelekee kwetu au kwao. Tangu ule mwaka tuliorushiana mawe, mtu hapiti mtaa wa wenzake ila kwa shida, na hupita mbiombio. Wazo la milango miwili lilikufa siku lilipozaliwa, maana ilibidi mmoja uitwe wa nyuma.

Wajumbe, nusu wa Juu na nusu wa Chini, walikutana kwenye ukumbi wa shule. Msimamizi alikuwa refa mstaafu wa mpira, akaja na filimbi yake shingoni. Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujasema lako, sema la mwenzako, mpaka mwenyewe akiri, "Hapo umenisema." Ukichomekea lako, filimbi.

Wakapangwa wawili wawili. Mama akapangiwa mwenye bucha wa Chini, na mimi kwenye viti vya wasikilizaji nikashika kichwa. Mwenye bucha ni baba yangu mdogo, mume wa mdogo wake Mama. Ule mwaka wa mawe Mama alimwambia mdogo wake achague, dada au mume. Mama mdogo akachagua mume, na tangu hapo jina lake halitajwi dukani kwetu. Mimi niliyelelewa mgongoni kwake nimemkosa miaka yote hiyo, na sikuwa na wa kumwambia.

Baba mdogo alianza, na hakuhangaika. "Wa Juu wanataka mlango uwe kwao kwa sababu mama aliyetoka kujifungua hawezi kupanda kile kilima na mtoto mkononi."

"Hapo umenisema," Mama akakiri, shingo upande.

Zamu yake ikafika. Akakohoa.

"Wa Chini wanataka mlango uwe kwao kwa sababu ni wabishi."

Filimbi.

"Kwa sababu wamezoea kudeka."

Filimbi.

"Mama Cherehani," refa akasema, "ukiendelea hivi nitakutoa nje. Kama hujui, muulize. Kuuliza si faulo."

Mama akamgeukia mwenye bucha kwa mara ya kwanza. "Haya. Mnaogopa nini kwetu? Mawe yalikwisha zamani."

Baba mdogo akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Mke wangu ni mjamzito, shemeji. Mlango ukiwa Juu, njia inapita mbele ya duka lako. Anasema heri ajifungulie sakafuni kuliko akuone ukimgeuzia mgongo."

Mama hakuwa na habari ya mimba hiyo. Hata mimi sikuwa nayo.

"Sasa mseme," refa akamhimiza, kwa sauti ya chini.

"Mke wangu ni mjamzito," Mama akasema, akakomea hapo. Akaanza upya. "Mke wangu ni mjamzito, na anaogopa kupita mbele ya duka la dada yake."

"Hapo umenisema."

Walipomaliza wote, ikapigwa kura ya siri, kila mtaa na kisanduku chake. Refa akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akaanza kucheka peke yake. Wa Juu wote walikuwa wameupigia kura mlango wa Chini, na wa Chini wote mlango wa Juu.

"Ni sare ile ile," akatangaza, "ila mmebadilishana magoli. Tukutane wiki ijayo."

Ukumbi mzima ukacheka, Juu na Chini pamoja. Mama hakucheka. Alichukua mkoba wake, akamfuata mwenye bucha mlangoni.

"Shemeji, nionyeshe njia ya kwako."

"Si unaijua?"

"Nimeisahau."

Nikawafuata nyuma, roho juu.

Mama mdogo alifungua mlango, tumbo likiwa limemtangulia. Hakusema karibu. Mama akafungua mdomo, nami nikajua kinachokuja, maana utetezi wake nimeusikia juu ya kelele za cherehani mpaka nimeukariri. Akaufunga mdomo tena.

"Kabla sijasema langu," akasema, "ngoja niseme lako. Dada yako alikwambia uchague, hakukupa hata siku moja ya kufikiri. Ulipochagua, akajifanya hakuwahi kuwa na mdogo. Ukaumia, ukanyamaza."

Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya tumbo.

"Bado hujanisema," akajibu. Kisha akasogea pembeni, akavuta kigoda. "Kaa, uanze tena."