Jina Langu Kwenye Ripoti ya Spika

Esteri Nduwayezu hakuwa mtu wa kupewa kazi akaifanya nusunusu. Kule Kitahana alikokuwa mhudumu wa afya wa kijiji, akina mama walimtania kwamba angeweza kumpima uzito hata kuku kama angekaa kwenye mizani. Kila alichokiona alikiandika kwenye daftari, kwa mwandiko mkubwa uliolala upande mmoja. Kwa hiyo mwezi wa Januari mwaka 2014, afisa wa mradi wa afya ya mama na mtoto alipomkabidhi spika na kumwambia aijaribu kwa majuma matatu kisha aseme ukweli wake, alifurahi. Aliona wamemtambua.

Afisa huyo aliitwa Kipriani. Alikuwa kijana nadhifu, ametoka Kasulu, kila mara ana kalamu mbili mfukoni.

"Hii, mama, si spika ya mchezo," alimwambia siku ile ofisini Kibondo. "Haiogopi maji, haiogopi vumbi, haiogopi kuanguka. Ukiichaji mara moja inaimba saa kumi na mbili. Unaunganisha na simu kwa blutuuthi, basi."

Ilikuwa nyeusi, ukubwa wa nusu tofali, imevalishwa mpira wa rangi ya chungwa kwenye pembe. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mzungu akipanda jabali huku maji yakimrukia. Mradi ulitaka kila mhudumu wa Kibondo na Kakonko awe na spika moja, ili siku za huduma ya mkoba, wahudumu wanapowafuata watu vijijini, akina mama wasikilizishwe mafundisho yaliyorekodiwa kwa Kiha: dalili za hatari kwa mjamzito, kunyonyesha, chanjo. Esteri alisaini karatasi ya kupokelea, akaifunga spika kwenye kitenge na kurudi nayo Kitahana.

Aliijaribu kwelikweli. Aliibeba shambani, akaitundika kwenye mti wa kahawa akipalilia. Aliipeleka kwenye gulio, akasimama penye mashine ya kusaga kuona kama sauti ingepenya. Ilipenya. Aliiacha ianguke kutoka kwenye keria ya baiskeli, mara mbili bila kukusudia na mara ya tatu kwa makusudi. Haikupata hata mkwaruzo wa maana. Hayo yote aliyaandika, tena kwa kuyasifu, kwa sababu kitu kizuri kinastahili kusifiwa.

Lakini aliandika na mengine. Saa kumi na mbili zilikuwa saba tu, na ukiongeza sauti zilikuwa tano. Ukiingia nyuma ya ukuta wa tofali na simu mfukoni, sauti inakatika. Na kila ilipoungana na simu, mwanamke aliyekuwa ndani yake alipiga kelele kwa Kiingereza hadi watoto wachanga wanashtuka na kuacha ziwa. Kuhusu hilo aliandika: "Huyu mama anyamazishwe ikiwezekana."

Kubwa kuliko yote lilikuwa la maji. Juma la kwanza mvua iliinyeshea na haikufanyika kitu. Juma la tatu ikanyeshewa tena, njiani kutoka kliniki. Ikakohoa, ikanguruma kama mtu mwenye kikohozi cha mkamba, ikazima. Esteri alishangaa. Mvua ni ileile, spika ni ileile. Akaigeuza na kuichunguza hadi akaona: pale pa kuchomekea waya wa chaji palikuwa na kifuniko kidogo cha mpira. Kwa kinyozi mwenye sola, alikokuwa akichajia, kile kifuniko kilifunguliwa na kufungwa kila siku, na sasa kilikuwa kimelegea kama sikio la mbuzi. Maji yalipita hapo. Aliianika siku tatu, ikarudi na sauti ya upande mmoja tu.

Akaandika kwa herufi kubwa: HII SPIKA NI NZURI KWA KIANGAZI. KWA MASIKA HAIFAI MPAKA KIFUNIKO KIBADILISHWE. Chini yake akaongeza kwamba kama hakuna nyingine, kila mhudumu apewe mfuko wa nailoni wa kuifunikia, na aambiwe wazi.

Aliyanakili maelezo yote kwenye karatasi nne, akazipeleka Kibondo mwenyewe. Kipriani alizipokea bila kuketi.

"Umeandika kitabu, mama," alisema akicheka.

"Uliniambia niseme ukweli wangu."

"Ego, ndiyo, asante sana. Tutaufanyia kazi."

Mwezi Machi spika zikagawiwa. Esteri aliposikia, alidhani kifuniko kimebadilishwa. Hakuuliza. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

Mwishoni mwa Aprili, siku ya mvua nyembamba isiyokoma, Adija alimfikia nyumbani. Adija alikuwa mhudumu mwenzake kutoka Kasanda, upande wa Kakonko. Walifahamiana tangu mafunzo ya kwanza, walipolala chumba kimoja na kugawana sabuni. Siku hiyo hakubisha hodi vizuri, wala hakuitikia vizuri alipokaribishwa. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa matope mekundu, akatoa bahasha kifuani.

"Soma," alisema.

Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba Adija ameharibu kifaa cha mradi kwa uzembe, na kwamba ikitokea tena ataondolewa kwenye orodha ya wahudumu.

"Ulifanyaje?" Esteri aliuliza.

"Nilifanya nini? Nilinyeshewa! Nilikuwa natoka kliniki, mvua ikanikuta, spika ikafa. Niliwaambia hivyohivyo. Unajua walinijibu nini? Walisema haiwezi kufa kwa mvua, kwa sababu wewe umethibitisha. Wakanionyesha karatasi. Jina lako, dada. Esteri Nduwayezu, Kitahana. Umeandika kwamba uliinyeshea siku nne mfululizo na haikupata madhara yoyote."

"Mimi?"

"Wewe. Wanane tumepewa barua kama hii. Sote tunauliza, Esteri tumemkosea nini?"

Esteri aliingia ndani, akarudi na daftari, akaliweka mikononi mwa Adija. Adija alisoma akiwa bado amesimama. Alipofika kwenye herufi kubwa alisoma mara mbili, kisha akakaa kwenye kigoda taratibu.

"Sasa ile karatasi imetoka wapi?"

"Hilo ndilo nitakaloliuliza," Esteri alisema. "Tena sitaliuliza chumbani."

Alikuwa na hasira ya aina ambayo hakuwahi kuijua. Angetukanwa, angesamehe, alishatukanwa sana. Utotoni, shuleni, wenzake walimwita mkimbizi kwa sababu baba yake alitoka ng'ambo ya mpaka, ingawa yeye alizaliwa hukuhuku na baba alikuwa ameshapata uraia. Alijifunza mapema kwamba mtu kama yeye hana mali nyingine ya kumtetea ila neno lake kuwa neno. Miaka yote alilitunza. Na sasa mtu mwenye kalamu mbili mfukoni amelichukua jina hilo akalifanya fimbo ya kuwachapia wenzake.

Mkutano wa robo mwaka ulikuwa wiki iliyofuata, Kibondo mjini, katika ukumbi wenye bati lililopiga kelele mvua ilipozidi. Wahudumu wapatao arobaini walikuwepo. Mkuu wa mradi, mama Asmahani, alikuwa amekuja kutoka Kigoma mjini. Alikuwa mama mtu mzima aliyejifunga ushungi wa kijivu, asiyesema sana. Kipriani alisimama mbele akaeleza jinsi spika zilivyopokelewa vizuri, kisha akasema kwamba bahati mbaya, baadhi ya wahudumu hawavitunzi vifaa.

Esteri akasimama kabla hajapewa nafasi.

"Naomba kuuliza. Hao wahudumu wamejulikanaje kwamba hawakuvitunza?"

Kipriani alimwona, akatabasamu kidogo. "Mama Esteri, maswali ni baadaye."

"Ni swali fupi. Wamejulikanaje?"

"Kwa sababu spika imejaribiwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeijaribu, ukatuandikia."

"Basi naomba nisomewe nilichoandika."

Mama Asmahani alinyoosha mkono, Kipriani akampa karatasi moja kutoka kwenye jalada. Akaisoma kwa sauti. Ilikuwa na mistari sita tu. Spika ni imara, chaji inatosha saa kumi na mbili, imenyeshewa siku nne bila madhara, inafaa kwa mazingira yote. Nyuma yake palibanwa karatasi ya pili yenye jina la Esteri na sahihi yake.

"Sahihi ni yako?" mama Asmahani aliuliza.

"Ni yangu. Hiyo ni karatasi niliyosaini siku ya kupokea spika. Angalia tarehe, mama. Nilisaini kabla sijaijaribu hata saa moja. Nilichoandika mimi ni kurasa nne, na nakala yake ni hii."

Akafungua daftari na kusoma. Alisoma yote, na sifa akazisoma pia. Alipofika kwa yule mwanamke wa Kiingereza anayeshtua watoto, watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Alipofika kwenye kifuniko, hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa nyuma alisema, "Ndivyo yangu ilivyokufa. Palepale."

Kipriani alifuta uso kwa leso. "Mheshimiwa mkuu, mama huyu ana nia njema, lakini haya ni mambo ya kitaalamu. Tulichofanya ni kufupisha. Spika inavumilia maji, hata kwenye boksi imeandikwa."

"Kama ni mambo ya kitaalamu," Esteri alisema, na sauti yake ikaanza kupanda, "kwa nini hukuandika jina lako? Mtaalamu ni wewe. Ungeandika: mimi Kipriani nathibitisha. Umetafuta jina la mwanamke wa kijijini, ukalibandika kwenye uongo, ili uongo ukivunjika uniangukie mimi na wenzangu!"

"Mama, tafadhali, tuheshimiane."

"Heshima ndiyo niliyoifuata hapa. Nje mvua inanyesha. Kabatini mna spika mpya, nimeziona. Lete moja. Tufungue kifuniko na kukifunga mara thelathini, kama tunavyofanya tukichaji mwezi mzima, kisha tuiweke pale kwenye ngazi kwa nusu saa. Ikiimba, nitaomba radhi mbele ya watu wote hawa, na barua za onyo mniandikie mimi peke yangu."

Mama Asmahani alimgeukia Kipriani. "Lete."

"Mkuu, zimebaki tatu tu..."

"Lete moja."

"Lakini mkuu, itaharibika!"

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Kisha Adija, aliyekuwa safu ya pili, akasema taratibu, "Kumbe unajua," na ukumbi mzima ukalipuka.

Haikuhitajika tena kuleta spika. Mama Asmahani aliahirisha mkutano kwa saa moja, akaingia chumba cha ofisi na Kipriani. Waliporudi, alitangaza kwamba barua zote nane zimefutwa, kwamba spika zitatumika ndani ya majengo mpaka masika yaishe, na kwamba ripoti ile imeondolewa kwenye jalada. Wahudumu walipiga makofi. Esteri hakupiga. Aliinua mkono.

"Naomba iandikwe," alisema. "Barua za onyo ziliandikwa. Na hili la kwamba sikusema maneno yale liandikwe, kila aliyepewa onyo apate nakala."

"Itaandikwa," mama Asmahani alisema.

Wakati wa chai Kipriani alimfuata barazani. Kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Mama, ungeniita pembeni tu tukaongea," alisema kwa sauti ya chini. "Spika zilikuwa zimeshaagizwa tangu Novemba. Hata ungeandika nini, zingekuja zilezile. Ilitakiwa karatasi ya majaribio kwenye jalada, basi. Sikuwa na ubaya na wewe."

Hilo lilimuuma Esteri kuliko ripoti yenyewe. Majuma matatu ya kubeba, kuangusha, kuhesabu saa, kukaa kwa kinyozi, na tangu siku ya kwanza hakukuwa na mtu aliyekusudia kusoma.

"Wanane waliambiwa wazembe," alisema. "Adija alilia njia nzima kutoka Kasanda. Huo kwako si ubaya, ni karatasi." Akamwacha amesimama hapo na kikombe chake.

Esteri alirudi pamoja na Adija hadi njia panda ya Kitahana. Adija aliomba radhi zaidi ya mara moja.

"Nimekusamehe," Esteri alimwambia. "Lakini nikwambie ukweli, iliniuma. Umenijua miaka sita, ukaamini karatasi kwa dakika moja."

Adija alikiri kwamba ni kweli. Wakaendelea na safari wakizungumza habari za watoto.

Kipriani alihamishiwa kazi nyingine ya mradi kwao Kasulu, wala hakushushwa cheo. Esteri hakuitwa tena kujaribu kitu chochote. Barua aliyoahidiwa ilimfikia baada ya wiki tatu, ina muhuri na maneno mazuri, ila jina lilikuwa limeandikwa "Esta Nduwayo." Aliisoma mara moja, akavaa viatu, akaenda nayo Kibondo kwa baiskeli siku hiyohiyo. Karani alimwambia aiache, ataletewa nyingine.

"Nitasubiri," Esteri alisema, akavuta kiti na kukaa mbele ya meza mpaka ilipochapwa upya, herufi kwa herufi, huku akimtajia.