Joho Lililotangulia Mtihani

Hakuna fundi katika mtaa wetu anayekata kola kama mimi, na asiyeamini aulize. Akiuliza ataambiwa kwamba mtaa wetu una mafundi cherehani wawili tu, mimi na binti yangu, na kwamba mimi siku hizi siwezi hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuitiwa mtu mwenye macho. Kazi zilizobaki mikononi mwangu ni kufumua, kushona vifungo na kuongea. Kwa hiyo ya mwisho sihitaji miwani.

Mwenye macho aliyekuwa akiitwa ni mjukuu wangu. Wateja walimpa jina la Wakili tangu alipokuwa hafikii meza ya kukatia, kwa sababu mama yake akichelewesha nguo ya mtu, mtoto ndiye aliyemtetea mteja. Alikuwa akisimama katikati ya duka na soksi moja, anamwambia mama yake, "Ulisema Jumatano. Mimi nilikusikia." Tulicheka, jina likaganda. Jina la utani ni kama doa la mafuta kwenye hariri, ukilisugua, linapanuka.

Alipomaliza masomo akasema anataka kuingia shule ya sheria. Huko mtu haingii kwa kutaka. Kuna mtihani mlangoni. Akaufanya. Sisi nasi, badala ya kusubiri majibu kama watu wenye akili, tukafanya kosa ambalo seremala asingelifanya wala muuza maziwa. Tukamshonea joho. Binti yangu, ambaye mtaani wanamwita Fundi, alinunua kitambaa cheusi kisichokunjika, mimi nikasimamia kola. Mtoto alisimama apimwe, huku anacheka, akauliza, "Bibi, na nikifeli?"

Nikamjibu, "Mke mwenzangu, nguo ikishapimwa, mwili hutii."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu. Joho likavishwa mdoli wa dirishani, kifua kikiangalia barabara.

Majibu yalikuja kwenye simu mtoto akiwa anapiga pasi. Sikujua kwa kumtazama usoni, nilijua kwa harufu, maana suruali ya mteja ilikuwa inaungua na yeye amesimama tu, simu mkono mmoja, pasi mkono mwingine. Baadaye aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, kwamba aligombana na swali. Lilitaka jibu moja kati ya manne, yeye akaona mawili yote yana haki yake, akakaa hapo anayatetea mpaka msimamizi akasema weka kalamu chini. Kulikuwa na kurasa ambazo hata hakuzifunua.

Kosa la kwanza likazaa la pili. Tukiliondoa joho, watu watauliza. Tukiliacha, watatupongeza. Fundi akaamua likae kidogo, mpaka watu wasahau. Sasa nani atasahau kitu kinachomtazama dirishani kila akienda kununua chumvi? Mtoto akawa anaingia kazini ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekutana na mkwe huku nguo imechanika nyuma. Wenzake wa shule wakipita, ghafla anakumbuka kuna pini imeanguka chini ya meza. Pini zilianguka sana siku zile. Mimi niliyekuwa natangaza habari zake mpaka kwenye foleni ya maji, nikipewa hongera nilikuwa napatwa na kikohozi.

Aliyelipasua jipu ni kinyozi, jirani yetu wa ukuta mmoja, mtu mwema ambaye wema wake hauna breki. Aliingia asubuhi moja duka limejaa, mkasi bado uko mfukoni, akaeleza kwamba mwenye nyumba anataka kumtoa bila taarifa. Akamgeukia mjukuu wangu, akanyoosha kidole kwenye joho, akatangazia wateja kwamba safari hii mwenye nyumba atajuta, mtaa una mwanasheria wake. Akamwomba Wakili amwandikie barua ya kutisha.

Mtoto alikuwa anatoa mshono. Akaweka wembe chini.

"Mimi si wakili," akasema. "Nilifeli mtihani."

Fundi akacheka haraka haraka, akasema huyu naye kwa utani, amemrithi bibi yake.

"Sitanii, mama. Nilifeli kabla ya sikukuu. Hilo joho halina mwenyewe."

Akaenda dirishani, akamvua mdoli mbele ya watu wote, kifungo kwa kifungo, hakuruka hata kimoja. Akalikunja, akalisukuma kwenye gunia la vipande, akaingia chumba cha nyuma. Kila mteja aliitazama nguo yake kama ndiyo kwanza anaiona. Kinyozi wa watu, aibu imemshika mpaka masikioni, akatafuta la kusema, akalipata baya: "Lakini lilikuwa limekaa vizuri."

Walipoondoka, Fundi alimfuata huko nyuma. Sikusikia yote, ila hili nililisikia: "Umenivua nguo mbele ya watu." Na mtoto hakujibu. Yeye, aliyekuwa akijibu hata redio.

Nikasubiri siku zipoe, kisha nikakaa karibu naye na kazi yangu ya kufumua. Nikampigia hesabu za kifundi, maana ndizo ninazozijua. Nikamwambia kola ikikataa hatutupi gauni. Tunafumua, tunaiweka tena. Mtihani nao unarudiwa, si ndivyo? Basi arudie.

"Ukifumua mara mbili pale pale, Bibi, kitambaa kinatoboka," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Wakili akikushinda kwa ushahidi wako mwenyewe, unakaa chini.

"Kufeli mara moja watu wanaita bahati mbaya," akaendelea, taratibu, macho kwenye zipu. "Mara ya pili ndilo jina lako. Nikirudia, mtaa mzima utajua nimerudia. Watakuwa wananihesabia siku. Mama atanunua kitambaa kingine. Kinyozi ataniombea kwa sauti. Siwezi kusimama hapo tena. Nitashona. Kushona kuna ubaya gani?"

Kushona hakuna ubaya. Ubaya ni ile zipu, aliyokuwa ameiweka kichwa chini miguu juu, ya mtu kufungua suruali kuanzia magotini. Nikaichukua, nikaifumua.

Kinyozi, katika kutubu kwake, ndiye aliyetuletea habari kwamba kwa wanaotaka kurudia mtihani mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa, na kwamba lazima mtu aende mwenyewe, siku hizi wanachukua alama ya kidole gumba, kwa sababu kuna watu walikuwa wanafanyiwa mtihani na ndugu zao. Alimnong'oneza Fundi, lakini kinyozi akinong'ona anasikika ng'ambo ya barabara. Mtoto aliendelea kupiga pasi kana kwamba hakuna aliyesema kitu. Fundi naye alikuwa ameapa kutomsukuma tena, na kiapo kile kilikuwa kinamkaba. Kila akifungua mdomo, anaingiza pini.

Ijumaa asubuhi mjukuu wangu alisema anakwenda kununua vifungo vyeusi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka kwenye makwapa, na viatu vya ngozi. Sijawahi kuona vifungo vinavyoheshimiwa kiasi hicho. Fundi alimtazama mpaka alipopinda kona, kisha akashona mkono wa kushoto upande wa kulia, ikabidi nifumue.

Saa za mchana zikapita. Mwenye duka la vifungo, yule tunayemwita Mama Vifungo, akaja kujaribu gauni lake la harusi ya mwanawe, tukamweka nyuma ya pazia. Alikuwa bado huko, anahangaika na kiuno, mtoto alipoingia. Jasho limemtoka, mikono mitupu. Kidole gumba cha kulia kilikuwa cha buluu mpaka kwenye kiungo, na alikuwa anakificha ndani ya ngumi kama kitoto cha ndege.

Fundi alikiona. Nilijua, maana mguu wake ulisimama juu ya pedali. Lakini akasema tu, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwa siku nyingi, "Umekawia, mama."

"Foleni," akajibu mjukuu wangu. "Mama Vifungo alikuwa peke yake dukani, watu wamejaa."

Nilimkonyeza. Akadhani nina vumbi jichoni.

"Tumeongea sana," akazidi, kama kawaida yake, shahidi mmoja hamtoshi. "Vyeusi vimemwishia. Anawasalimu."

Pazia likasogea. Mama Vifungo akachungulia, mkono mmoja ndani ya gauni, mwingine nje.

"Nawasalimu kutoka wapi, mwanangu?" akauliza. "Mimi leo sijafungua duka."