Mwewe Walioingia Kwenye Chai

"Mwewe hao," alisema Mzee Salehe, akinyoosha mkono kuelekea ziwani. "Kundi zima. Wanazunguka wapate kupanda juu."

Bintiye, Nusrat, alitazama huko, kisha akamgeukia mama yake. Mama huyo, Bimdogo, aliendelea kumimina chai taratibu, kama hakusikia.

Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, mume na mke hawa walipanda jabali la nyuma ya nyumba yao kuwatazama ndege wageni kutoka kaskazini: mwewe, vipanga, korongo, na shakwe wanaotua majini wakiwa hoi. Salehe, aliyefanya kazi melini hadi akastaafu, aliwajua wote kwa mruko wao. Mwaka huu aliwajua kwa kukumbuka tu. Macho yalikuwa yameingia ukungu, naye hakumwambia mtu, maana Nusrat alishasema wazi kwamba siku baba akishindwa kuona, atahamia kwake Buhongwa, asilione tena ziwa wala jabali. Leo alikuja kuhakikisha mwenyewe.

Basi mzee akajikaza kisabuni. Akaeleza ukubwa wa mwewe wale na rangi ya vifua vyao, akanogewa mpaka akaongeza mmoja mweupe. Huku nyuma lile kundi alilolinyooshea mkono, wingu jeusi juu ya maji, lilisukumwa na upepo, likaja likawafunika. Walikuwa wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka majini kama moshi. Wakajaa kikombeni, puani, ndevuni.

Mficha maradhi, watu husema, kifo humuumbua. Salehe aliumbuliwa na wadudu. Alitema, akajifuta, na kicheko kikampanda chenyewe.

"Mama Nusrat," alisema, "mwewe wangu nimewameza."

Bimdogo alicheka mpaka akashika mbavu; yeye alijua habari ya macho hayo tangu Ramadhani. Nusrat hakucheka. Alisimama akaanza kukunja mkeka. Salehe aliusikia ukivutwa pembeni yake, na moyo ukamuuma kweli.

Kisha mkono wa Nusrat ukasita.

"Baba, kuna wengine huku juu. Wadogo. Wanadaka kereng'ende."

"Mabawa yakoje?"

"Yamechongoka."

"Wanadaka kwa mdomo au kwa mguu?"

Nusrat alikaza macho. "Kwa mguu. Halafu anaupeleka mdomoni, huku anaruka."

"Vipanga," alisema Salehe, na sauti yake ikatulia. "Hao sasa ndio wenyewe."

Aliuliza rangi ya migongo, akaambiwa. Aliuliza wanaelekea wapi, akaambiwa. Nusrat naye akauliza wanalala wapi na kama hurudi njia hiyohiyo, na kabla hajajua alikuwa ameutandika mkeka upya na kuukalia. Alisema Jumamosi atakuja yeye kumshika baba mkono, kupanda na kushuka, ila asithubutu kupanda peke yake.

"Njoo mapema," alisema Salehe. "Vipanga hawamngoji mtu."

Nusrat alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, na mama yake akamfunikia kikombe kwa kiganja, wadudu wasiingie.