Makoti ya Mzee Ovila

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Ovila kilikuwa kimenata kwenye soli ya kiatu changu: ganda jeusi, jembamba pembeni, nene katikati. Nilidhani ni gome la mti. Nikalibandua, nikalinusa. Lilikuwa lami.

Ilikuwa Oktoba, Chicoutimi, mji wa theluji nyingi, siku ya jua, na pengine jua la mwisho kufaa kwa kazi yetu ya kupaka lami njia za gari za majumbani. Baba alikuwa nyuma ya lori anakoroga pipa la mpako wa lami. Binamu yangu Steeve alikuwa anapuliza majani makavu ya miti kwa mashine, kofia kaigeuza nyuma. Yeye huuza simu mjini, lakini alikuja kujifunza. Jana yake, mezani, Baba alikuwa ametangaza kwamba magoti yake yamekwisha, na theluji ikianguka, lori, pipa na wateja wote atamwachia Steeve. Watu wakapiga makofi. Mimi niliendelea kumenya viazi.

Sikuwa na la kusema, au nilikuwa nalo likakwama. Ndivyo nilivyo. Shule ya msingi iliniacha njiani kwa sababu hiyo hiyo: nikiambiwa nisome mbele ya watu, maneno hayatoki. Baba akanipakia kwenye lori nikiwa bado msichana mdogo, akanipa brashi ya pembeni. Tangu hapo kazi yangu ni kupiga magoti na kupaka ukingo, kando ya majani na ukuta, pale ambapo ufagio mpana wa mpira wa kusukumia mpako haufiki.

"Annik!" Steeve aliita. "Leo pia umemeza gundi? Hata salamu?"

Nilimwonyesha lile ganda.

"Takataka hiyo. Tukishapaka haitaonekana."

Mzee Ovila alikuwa ameketi kibarazani, fimbo mapajani, akitusimamia. Kwa miaka mingi hakuita mtu. Kila Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, wengine wakiwasha moto na kunywa bia, yeye alinunua ndoo zake za lami na kuipaka njia ya gari mwenyewe. Ikawa nyeusi kuliko zote mtaani, na alijua hivyo. Mwaka huu walimfanyia upasuaji wa nyonga, Juni ikampita.

"Fanyeni haraka," alisema. "Wiki ijayo nasimamisha kibanda cha turubai cha kukinga gari na theluji. Siwezi kukisimamisha juu ya kitu cha kijivu. Clermont wa jirani atacheka hadi Krismasi."

Nilipiga magoti ukingoni na brashi yangu. Ndipo nikaona vizuri. Njia nzima ilikuwa inabanduka kama kitunguu. Niliingiza kisu cha kukwangulia, kikateleza chini bila kushikwa na kitu, kikainua kipande kikubwa kama sahani. Tukipaka juu ya kitu kile, mpako wetu ungeshika ganda, na ganda halikushika chochote. Mashine ya kuzoa theluji ingepita mara ya kwanza tu na kuvuruga vyote.

Baba hakuwa ameona. Siku hizi hainami.

Nilibeba kile kipande mpaka kwenye lori, nikamwekea mkononi. Akakigeuza. Akapitisha ukucha pembeni, tabaka moja likatoka, na jingine, na jingine.

"Steeve, zima hiyo mashine."

"Mjomba, tutachelewa! Mzee anataka nyeusi, mpe nyeusi, twende zetu."

Baba alipanda kibarazani polepole, nami nyuma yake, akampa Mzee Ovila kile kipande. Mzee alikigeuza, akihesabu matabaka.

"Hii yote ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee. Kwa mkono wako."

"Kila mwaka nimeipaka! Yule mvivu Clermont anapaka akikumbuka."

"Ndiyo maana ya kwake haibanduki."

Mkewe, Bi Fernande, alikuwa mlangoni na taulo la jikoni. "Nilikwambia. Ukasema wanawake hawajui lami."

"Nilikuwa nailinda na baridi, Fernande."

"Umeivisha makoti mpaka imeshindwa kupumua!"

Steeve akacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, si Baba.

"Wewe ndiye uliyekwangua. Ingekuwa njia yako, ungefanya nini?"

Niliangalia fimbo yake badala ya uso.

"Nisingepaka," nilisema. "Ningeziba nyufa tu, maji yasiingie yakaganda. Makoti yatavuliwa na theluji. Mwakani kiangazi ndiyo upake. Mara moja. Halafu uache."

"Na majirani?"

"Kuanzia mwezi ujao ya kila mtu itakuwa nyeupe."

Bi Fernande aliangua kicheko, na safari hii Mzee naye akacheka, akishika nyonga.

Tukawasha jiko tulilobeba kwenye lori, tukayeyusha lami ya nyufa. Nilipita na birika yangu ya lami kwenye kila ufa, nikimimina na kulainisha, huku Steeve akinisogezea kopo bila mzaha. Jioni aliondoka na gari lake. Bi Fernande alitufungia pai ya sukari.

Kwenye lori, tulipofika darajani, Baba alipunguza mwendo.

"Steeve atajifunza," alisema. "Ana mdomo. Kazi hii inataka mtu wa kuzungumza na wateja."

Pai ilikuwa ya moto mapajani mwangu. Nilitazama mikono yangu, myeusi mpaka kwenye vifundo.

"Baba, usimpe Steeve lori. Nalitaka mimi."