Memori za Mjomba Rupeni

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe, na hakuna mtu katika jiji zima la Suva aliyenifundisha. Vijiti vyake viwili vya memori vilikuwa vya kasi: ukiviita, vinajibu kwenye pigo la kumi na sita la saa ya kompyuta, na mapigo yakiwa machache ndiyo kasi. Nilivitaja kwa watu kama wengine wanavyowataja watoto wao waliofaulu.

Jumamosi ile babu yetu alikuwa anatimiza miaka themanini. Nilikuwa nimeiahidi familia filamu ya maisha yake, ionyeshwe ukumbini baada ya chakula. Lakini filamu ilikuwa nzito, memori haikutosha, na kila nilipojaribu kuiunganisha, kompyuta ilikwama katikati. Nikishindwa, binamu yangu Inosi angeonyesha picha zake za simu, na kwa utani wetu sisi mabinamu, ningesimangwa mpaka kaburini.

Asubuhi hiyo aliingia Mjomba Rupeni, baba yake Inosi, amevaa sulu, shuka yake ya kiunoni ya kwendea kanisani. Akaketi mkekani, akaweka mbele yangu fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji chetu cha heshima, na juu yake vijiti viwili vya memori. Akahutubia kana kwamba ananiletea jino la nyangumi, zawadi yetu kuu kuliko zote.

"Mpwa wangu, tumesikia una shida. Zawadi ni ndogo, ipokee."

Nikapiga makofi, nikapokea. Kwetu, kitu kilicholetwa hivyo hakirudishwi, wala hakiwekwi kando. Kisha nikasoma maandishi ya kijiti kimoja. Pigo la ishirini na mbili!

"Mjomba, vyangu vinakimbia. Hivi vinatembea."

Inosi alikuwa ameegemea mlango, anatafuna muhogo. "Basi vifundishe kukimbia. Si wewe fundi? Au ufundi wako ni wa mdomo tu?"

Angenyamaza, ningefanya la busara. Nikavichomeka vyote vinne, nikaingia kwenye mipangilio, nikaviamuru vyote vijibu kwenye kumi na sita. Nikawasha upya.

Feni zikavuma. Kioo kikabaki cheusi tii.

"Filamu nzuri," alisema Inosi. "Hapa ndipo Babu anapozaliwa, umeme umekatika?"

"Funga domo, Inosi!"

Nikang'oa betri ndogo ya ndani ili kompyuta isahau amri yangu. Mjomba alipotoka kwenda kutazama nguruwe aliyefukiwa kwenye mawe ya moto, nikachomoa vijiti vyake haraka.

"Peceli." Mjomba alikuwa amerudi. "Umeshika nini?"

"Navipangusa vumbi, Mjomba."

"Vizuri. Vipanguse, uvirudishe. Mimi nakaa hapa."

Akakaa kweli, miguu amekunja, macho kwangu. Dawa niliijua tangu mwanzo, na hilo ndilo lililonichoma: vinne vikiwa pamoja, vya mbio hulazimika kuvifuata vya polepole. Nikavirudisha, nikaandika ishirini na mbili kwa kidole kimoja, nimeuma meno.

"Mbona kama unanyonyoa kuku aliye hai?" Inosi aliuliza.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kompyuta ikawaka. Filamu ikaunganishwa mpaka mwisho, bila kukwama hata mara moja. Kuhusu ile kasi niliyoipoteza, sikuona tofauti yoyote. Hilo sikumwambia mtu.

Ukumbini tuliziba madirisha kwa mikeka. Babu aliketi mbele kabisa, macho hayabanduki kwenye filamu, hata wakati wengine walipocheka kumwona akiwa kijana mwembamba na mpira wa raga. Kisha akatokea Bibi, marehemu Bibi, anacheza ngoma yetu ya meke, ua sikioni.

"Jamani, nani katengeneza?" aliuliza Shangazi Kelera kwa sauti ya machozi.

Inosi akasimama kabla yangu. "Bila memori zetu mimi na baba—"

"Zenu? Zilizoniulia kompyuta?" Nikasimama pia, nikamvuta sulu.

"Niachie nguo, mjinga wewe, watu wanatuona!"

"Wakuone! Wamwone mwizi wa sifa!"

"Nyinyi wawili," Babu alisema, wala hakugeuza shingo. "Kaeni chini. Mnanizibia mke wangu."