Kizibo

Vumbi huingia karakanani saa tisa, jua linapogeukia dirisha, likaelea kwenye mwanga mpaka lichoke, litue mezani. Fundi Redio hulifuta. Kila siku hulifuta. Husema vumbi ni kelele ya macho.

Siku hiyo, Jumatano, mezani palikuwa na redio tatu, na saa kumi na dakika saba binti yake angepita juu ya paa.

Hapana, si kwa ndege. Binti alikuwa katika chombo cha angani na wenzake watatu, mwezi wake wa tano huko, na alikuwa ametuma ujumbe kwa shangazi yake. Nitapita Jumanne na Jumatano, dakika tisa tisa. Nitamwita baba. Akitaka, asikilize. Baada ya hapo chombo kingehama njia, kisingepita huku tena mpaka washuke.

Akitaka. Neno hilo Fundi alilirudia kila alipofuta meza.

Nyumbani binti anaitwa Kelele. Jina alipewa na baba mwenyewe, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Siku aliyokuja kuaga, begi begani, baba alikuwa amevaa spika za masikioni, anawinda mkwaruzo ndani ya redio ya mteja. Aliinua kidole kimoja. Ngoja. Kelele akangoja. Alingoja hadi chai yake ikapoa, kisha akaondoka, na tangu hapo salamu zake hupitia kwa shangazi. Fundi alijua amekosa. Hakumwambia mtu, lakini alijua.

Haya, redio zenyewe. Ya kwanza ya mbao, sauti tamu, lakini masafa ya watu wa angani haiyafikii kabisa. Ya pili kijidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kinachora kila sauti kwenye kioo. Fundi hakutaka kumwona mwanawe akichorwa, alitaka kumsikia. Ya tatu ya mkononi, nyeusi, antena yake ndefu. Hiyo ndiyo aliyoichagua Jumanne, kwa kipimo chake cha miaka thelathini: redio nzuri ni ile inayonyamaza.

Juu yake ina kitufe cha kuzungusha, yeye hukiita kizibo. Ukikikaza, mikwaruzo yote inakatika, redio inakaa kimya mpaka ipate sauti yenye nguvu. Fundi hukikaza bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Jumanne alikikaza, akakaa dakika tisa mbele ya ukimya safi, ukimya wa kujivunia. Hakusikia kitu. Basi, akasema moyoni, mtoto amenisusa. Akafuta meza.

Jumatano, saa kumi kasoro dakika tano, dada yake, yule shangazi wa Kelele, aliingia bila hodi, jasho linamtoka. Akauliza jana ilikuwaje. Fundi akasema Kelele hakuita. Dada akaketi juu ya kasha la betri. Aliita, akasema, wanafunzi wa shule ya jirani walimsikia, kwa redio inayokwaruza tangu inapowashwa hadi inapozimwa.

"Redio mbovu," Fundi akasema.

"Mbovu kabisa. Kaka, hiyo yako umeifanya nini?"

Fundi alikuwa anakitazama kizibo. Sauti ya kutoka kule hufika imechoka, imejifunika mikwaruzo. Ukiiziba mikwaruzo umemziba na msemaji mwenyewe. Jambo hilo yeye huwafundisha wanagenzi wiki ya kwanza.

Hakubadili redio. Alishika ile ile ya Jumanne, akaiunga na spika kubwa iliyolala chali mezani, akafungua kizibo chote, hadi mwisho.

Karakana ikajaa mvumo. Meno yalimsisimka Fundi, vidole vikamwasha kuuzima. Dada akaziba masikio. Saa kumi na dakika saba. Na nane. Na tisa, na mvumo ni ule ule, na Fundi akaogopa, akaogopa kweli.

Kisha ndani ya mvumo pakawa na kitu chembamba.

"...Baba, kama unanisikia, ni Kelele hapa. Shikamoo."

Chombo kikipita, masafa hushuka, usipoyafuata unampoteza mtu. Kidole cha Fundi, kile kile cha ngoja, kikayafuata kwenye kitufe, taratibu. Redio hiyo hupokea tu, haina njia ya kupeleka hata neno moja. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Marahaba," akaiambia. "Marahaba, mama. Sema. Sema tu."

Kelele akasema, bila kituo, kama zamani: nywele zisizokubali kulala, kijiko kilichompotea hewani siku mbili, chai ya kunyonya kwa mrija. Akasema mpaka mvumo ukammeza katikati ya neno.

Fundi hakuzima. Vumbi lilikuwa limetua juu ya spika, na kwa mvumo huo lilirukaruka kwenye mwanga, halitulii. Dada yake akanyoosha mkono achukue kitambaa.

"Liache," Fundi akasema.